Kupanda Milima kwa Baiskeli ya Mbio: Njia, Gia na Namna ya Kufika Juu Ukiwa na Pumzi

Anayependa baiskeli ya mbio katika Afrika Mashariki hana haja ya kuota milima ya Ufaransa. Tuna Usambara, tuna miteremko ya Kilimanjaro, tuna kuta za Bonde la Ufa upande wa Kenya na upande wa Tanzania, na tuna Rwanda ambayo barabara zake hazijui tambarare. Hata hivyo wengi wetu huujaribu mlima mmoja, huishia katikati wakisukuma baiskeli kwa mkono, kisha hurudi kwenye njia za tambarare wakiamini kwamba hawana kifua cha kupandia.

Kifua wanacho. Mara nyingi kinachowaangusha ni mambo matatu: gia nzito mno, kuanza kwa pupa, na kupanda na njaa. Yote matatu yanatengenezeka bila fedha nyingi, na hakuna linalohitaji mwili wa bingwa. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyekwisha kuzoea kilomita 50 au 60 za tambarare mwishoni mwa wiki, na sasa unataka kupanda mlima wa kweli, ufike juu umekaa kwenye siti, na ushuke salama.

Kwanza gia, uzito baadaye

Ukiingia duka la baiskeli, jambo la kwanza utakaloambiwa ni uzito. Utaonyeshwa fremu ya kaboni, utaambiwa ni nyepesi kwa kilo moja, na bei yake itakuwa mara mbili. Piga hesabu kabla ya kutoa fedha. Tuseme wewe na baiskeli yako, pamoja na maji na vifaa, mna kilo 80. Kilo moja ni sehemu moja kati ya 80. Katika mlima unaokuchukua saa mbili, kuipunguza kilo hiyo kutakuokolea kama dakika moja na nusu. Kwa anayeshindana hizo ni dakika za maana. Kwa anayetaka kufika juu bila kushuka kwenye baiskeli, fedha hizo zina kazi nyingine.

Kazi hiyo ni gia. Baiskeli nyingi za mbio za mtumba zinazoletwa kutoka Ulaya zilitengenezwa kwa ajili ya washindani: mbele zina meno 53 na 39, na gia kubwa kabisa ya nyuma ina meno 25. Kwenye mlima wa asilimia 6 mtu wa kawaida huenda kama kilomita 8 kwa saa. Ukiwa na 39 mbele na 25 nyuma, mwendo huo unakulazimisha kuzungusha pedeli kama mara 41 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa mzito kwenye magoti na kiuno. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, kwa mwendo uleule utazungusha kama mara 63. Mlima ni uleule na kasi ni ileile, ila sasa kazi inafanywa na moyo na mapafu, viungo vinavyoweza kuvumilia saa nzima, badala ya misuli ya paja ambayo huchoka kwa dakika kumi.

Kwa hiyo mwombe fundi akufungie gia za mbele za 50 na 34, na kaseti ya nyuma inayofika meno 32 au 34. Kabla hajaanza, muulize mambo mawili. La kwanza: je, mkono wa nyuma unaohamisha cheni ni mrefu wa kutosha kubeba gia kubwa hiyo? Mikono mingi mifupi ya zamani hukomea meno 28 hivi. La pili: je, cheni iliyopo inatosha, au inahitaji kuwa ndefu zaidi? Cheni fupi ikivutwa kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma inaweza kuung'oa mkono mzima. Fundi mzuri atakujibu maswali haya mawili papo hapo, bila kubabaika.

Usione haya kuwa na gia nyepesi. Mabingwa wenyewe siku hizi hupanda na gia ambazo zamani zingeitwa za watalii, na miguu yao ni ya mabingwa. Wewe una sababu zaidi yao.

Cheni, tairi na breki

Gia nzuri hazifai kitu kama cheni imelegea. Fundi akisema cheni imeisha, hukubaliani wala hukatai kwa maneno, unapima. Chukua rula ya chuma yenye milimita. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, kisha hesabu pingili 24, yaani ndogo na kubwa kwa kufuatana, na usome mahali ilipo katikati ya pini ya 24. Cheni mpya itasoma karibu milimita 305 kamili. Ikifika milimita 306 na nusu, nunua nyingine. Ikifika 308, umechelewa: cheni imekwisha kula meno ya kaseti, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa, itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Na mlimani ndiko unakokanyaga kwa nguvu. Cheni ni rahisi kuliko kaseti, kwa hiyo kuipima kila mwezi ni kuokoa fedha.

Usiilainishe cheni kwa oili chafu ya injini, ingawa ni mazoea ya vijiwe vingi. Oili ile ni nzito, hubeba vumbi, na vumbi likichanganyika na oili husaga chuma. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta mepesi ya cheni katika kila pingili, izungushe kidogo, kisha ufute tena ya juu yote. Mafuta yanatakiwa yabaki ndani ya pini. Yaliyo nje yanakusanya uchafu tu.

Tairi za milimita 23, ambazo zamani kila mtu alizitaka, hazifai kwa lami yetu yenye viraka na kokoto. Funga milimita 28, au 32 kama fremu ina nafasi. Tairi pana huhitaji upepo pungufu bila kukupunguzia kasi: kwa mwendeshaji wa kilo 70, tairi ya 28 inatosha kwa psi 70 hivi, na ya 32 kwa psi 55 hadi 60. Ukijaza hadi jiwe, kama wanavyopenda baadhi ya mafundi, tairi inaruka kwenye kila kokoto na kona inakosa mshiko.

Breki zitazame usiku wa kuamkia safari. Kama ni za raba zinazobana rimu, raba hizo zina mifereji. Ikiwa mifereji imefutika, badilisha. Chokoa vipande vya mchanga na chuma vilivyojikita kwenye raba kwa ncha ya sindano, maana ndivyo vinavyoikwangua rimu. Kama ni breki za diski, tazama unene wa pedi kwa tochi: ikibaki nyembamba chini ya milimita moja, usiende mlimani. Mafuta ya cheni yasiguse diski hata kwa tone.

Pima mlima kabla ya kuupanda

Watu huulizana mlima una kilomita ngapi. Swali la maana zaidi ni mlima una mita ngapi za kupanda juu. Mwendeshaji wa kawaida mwenye mazoezi hupanda mita 500 hadi 800 za wima kwa saa, ilhali washindani wakubwa huzidi 1,500 kwenye milima ya mbio zao. Kama hujijui, chukua 500. Mlima wa mita 1,000 utakuchukua saa mbili. Wa mita 1,200 utakuchukua saa mbili na karibu nusu. Kutokana na saa hizo ndipo unapojua ubebe maji kiasi gani, uondoke saa ngapi, na jua litakukuta wapi.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una kauli yake. Iten, Kenya, mji wa wakimbiaji, uko karibu mita 2,400. Huko msukumo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Ukitoka Dar es Salaam au Mombasa ukapanda moja kwa moja, utahema kwa mwendo ambao nyumbani ungekuwa unapiga soga. Lala huko siku mbili kabla ya kupanda, kunywa maji kwa wingi, na ukubali kwenda taratibu kuliko ulivyozoea.

Njia za kuanzia, na za kuotea

*Mombo hadi Lushoto, Tanga.* Kama utapanda mlima mmoja tu maishani mwako, upande huu. Mombo iko kwenye tambarare yenye joto, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Kutoka hapo lami nyembamba inapanda kilomita 33 hadi Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jumla ya kupanda ni kama mita 1,000. Mpando mwingi umo katika nusu ya kwanza, hadi Soni: barabara imebanwa kati ya mwamba na bonde la mto, kona moja inazaa nyingine. Soni kuna maporomoko ya maji na pa kupumzika. Kutoka Soni hadi Lushoto mpando unalegea, hewa inapoa, na pande zote ni bustani za mboga. Ondoka Mombo alfajiri kabla joto halijakolea, na kabla mabasi na malori ya mboga hayajajaa barabarani. Njia ni nyembamba na magari hupiga honi kwenye kona. Ukisikia honi mbele yako, kaa kushoto kabisa na ungoje gari lipite.

*Himo hadi geti la Marangu, Kilimanjaro.* Unaanzia chini ya mita 1,000, unapita migomba na kahawa, hadi Marangu Mtoni, kisha geti la hifadhi lililo zaidi ya mita 1,800. Lami inakufikisha hadi getini. Sehemu ya mwisho, baada ya Marangu Mtoni, ndiyo kali kuliko zote, kwa hiyo yeyote aliyemaliza nguvu zake kabla ya hapo atazilipia. Uzuri wa njia hii ni kwamba ni ya vijiji: maji, ndizi na msaada haviko mbali, jambo linalomfaa sana anayepanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza.

*Mto wa Mbu hadi Karatu, Arusha.* Ukuta wa Bonde la Ufa unaupanda kwa kona chache, Ziwa Manyara likifunguka chini yako, kisha barabara inaendelea kuinuka kwa mawimbi hadi Karatu. Mpando mkali wenyewe ni mfupi, kwa hiyo njia hii ni nzuri ya kujifunzia. Angalia mambo mawili: magari ya watalii yanayokimbilia Ngorongoro asubuhi, na nyani wa kwenye kona. Usisimame ukala ndizi mbele yao.

*Barabara ya Magadi, Kenya.* Kutoka Nairobi unapita Kiserian hadi Corner Baridi, na jina halidanganyi: alfajiri upepo wa hapo unakata. Kisha barabara inaporomoka kuelekea bonde, na joto linaongezeka kwa kila kilomita. Hadi Ziwa Magadi utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,300, na yote utayarudi ukipanda, jua likiwa utosini. Kwa safari ya kwanza geuzia Olorgesailie, penye makumbusho ya zana za mawe za kale; hapo umeshuka kiasi cha kutosha kukupa mazoezi makubwa ya kurudi. Sheria ya njia hii ni moja: kila unaposhuka, kumbuka kwamba unakopa. Geuka maji yako yakiwa bado zaidi ya nusu.

*Bonde la Kerio hadi Iten, Kenya.* Huu ni wa waliokomaa. Kutoka daraja la mto Kerio, kwenye barabara ya Kabarnet, unapanda kupitia Tambach, kama mita 1,200 za wima, na hewa inapungua kadiri unavyopanda. Chini ni joto la mkwaju na migunga, juu ni baridi ya nyanda za juu. Beba koti jepesi hata kama bondeni linaonekana mzigo.

*Kigali, Rwanda.* Mwezi Septemba 2025 jiji hili lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda. Barabara hizo hizo ziko wazi kwako. Panda Kimihurura, mpando mfupi wa mawe yaliyopangwa: hapo utajua kwa nini upepo mwingi kwenye tairi ni adui, na kwa nini ni bora kukaa kwenye siti kuliko kusimama, maana ukisimama gurudumu la nyuma linateleza. Kumbuka kwamba Rwanda magari hupita kulia. Ukitoka Tanzania au Kenya, endesha taratibu siku ya kwanza mpaka jicho lizoee, hasa kwenye mizunguko.

Kuna milima ya kuiacha. Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, na barabara ya zamani ya kushukia Mai Mahiu, ina mandhari ya kuvutia na malori mazito yasiyo na nafasi ya kukukwepa. Kwenye lami ya Mikumi inayokata hifadhi kuna tembo na simba. Njia hizo zipite ukiwa ndani ya gari.

Namna ya kupanda

Robo ya kwanza ya mlima iende kwa mwendo unaouona wa aibu. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko sawa. Ukiweza maneno mawili matatu tu, umezidisha. Rudisha gia moja nyepesi sasa, usingoje. Nguvu unayomwaga katika dakika kumi za mwanzo mlima hautakurudishia. Mwenda pole hajikwai, na kwenye mlima wa saa mbili ndiye anayewapita wengine karibu na kilele.

Kaa kwenye siti muda mwingi. Mikono ishike sehemu ya juu ya usukani, mabega yalegee, kifua kifunguke. Kila dakika chache simama kidogo ili kiuno na makalio vipumzike. Kabla ya kusimama ongeza gia moja au mbili ili pedeli isikuponyoke. Gia zibadilishe mapema, wakati pedeli bado ni nyepesi. Ukingoja hadi umekwama kwenye mpando mkali, cheni ikiwa imevutwa kwa nguvu zote, inaweza kukataa kuhama au kukatika.

Zingatia kona kali. Sisi tunaopita kushoto, kona inayopinda kushoto inatupitisha ndani yake, na ndani ya kona ndiko mwinuko ulikobanwa: mita chache hizo zinaweza kuwa na ukali mara mbili ya barabara yenyewe. Kona inayopinda kulia inatupitisha nje, ambako mwinuko ni mpole. Ukiiona kona ya kushoto mbele, shusha gia mbili kabla hujaifikia, ingia ukizungusha kwa wepesi, na usijaribu kuhamia katikati ya barabara kuutafuta upole, maana basi linaloshuka halikuoni. Kona ya kulia itumie kupumzika na kunywa.

Kula na kunywa

Kunywa kabla hujahisi kiu na kula kabla hujahisi njaa. Lengo ni nusu lita hadi robo tatu ya lita ya maji kwa saa, zaidi kukiwa na joto kama la Magadi, na gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Hakuna haja ya kununua vipakti vya gharama kutoka nje. Ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi za wanga. Tende tano za kawaida ni karibu kiasi hicho hicho. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kukatwa vipande, kashata, chapati iliyokunjwa na asali, vyote vinafaa na tumbo lako limevizoea.

Kinywaji unaweza kutengeneza nyumbani: maji mililita 750, vijiko vikubwa vitatu vya sukari, chumvi robo ya kijiko cha chai, na maji ya ndimu. Kionje siku ya mazoezi, si siku ya safari kubwa. Mafuta mengi yaache: sambusa na chipsi utazifurahia mlimani ukisha kufika, lakini zikiwa tumboni wakati wa kupanda zitakulaza.

Asubuhi ya safari, kula saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Uji mzito na ndizi, au chapati na chai, vinatosha.

Mpanda ngazi hushuka

Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, mtu akiwa amechoka na akili ikiwa imekwisha kufika nyumbani. Ukifika juu, usigeuze hapo hapo. Vaa koti, kula kitu, ngoja mikono iache kutetemeka, kisha uzikague breki na ubonyeze tairi.

Shika pembe za chini za usukani: huko vidole vinapata nguvu ya kubana breki na mwili unakuwa chini. Punguza kasi kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, kwa breki zote mbili. Ukiingia kwenye kona achia breki, mguu wa nje uwe chini, na macho yatazame mahali unapotaka kutokea. Ukiutazama ukingo wa bonde, ndiko utakakoelekea.

Usibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Breki za rimu zikibanwa bila kupumzika huipasha rimu joto, na joto likizidi tyubu hupasuka. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena. Kwenye mteremko mrefu kama wa Lushoto, simama Soni dakika tano rimu zipoe. Rimu za kaboni zenye breki za raba ni bora zaidi zisiende kwenye miteremko hiyo kabisa.

Mvua ikinyesha, lami ya kwenye kona za msituni hubeba majani, tope na kokoto zilizosombwa. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, Usambara na Kilimanjaro huwa na utelezi na ukungu. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na Januari na Februari.

Vya kubeba

Tyubu mbili, vijiti vya kutolea tairi, pampu ndogo iliyojaribiwa, funguo za Allen, kifaa cha kuungia cheni na pini ya akiba. Bondeni Kerio na njia ya Magadi ongeza viraka, maana miiba ya migunga na mbigili haina huruma. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana, kwa sababu ya ukungu na vivuli vya kona. Helmeti ivaliwe kupanda na kushuka, mkanda ukiwa umefungwa. Koti jepesi la upepo, simu yenye chaji, fedha taslimu, na karatasi yenye jina lako na namba ya ndugu. Mwambie mtu mmoja njia unayopita na saa unayotarajia kurudi. Kama ni mlima mpya, nenda na mwenzako.

Unayeishi tambarare

Dar es Salaam ina vilima vya Pugu na Kisarawe. Wahi Jumapili alfajiri kabla barabara haijajaa. Mombasa ina njia ya kupanda kwenda Kwale, kwenye Shimba Hills, yenye kufika mita zipatazo 400. Kilima kifupi kinatosha ukikirudia: panda dakika tano kwa juhudi inayokuruhusu maneno machache tu, shuka polepole, rudia mara nne. Wiki inayofuata mara tano, kisha sita. Palipo tambarare tupu, upepo wa baharini ni mlima wako: uelekee upepo kwa dakika 20 mfululizo, ukiwa umekaa, ukizungusha pedeli mara 60 hadi 70 kwa dakika. Mlimani mguu utazunguka vilevile.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, ongeza safari moja ndefu ya taratibu mwishoni mwa wiki, na wiki ya mwisho punguza nusu ili miguu ipumzike. Kisha chagua mlima mmoja. Nakushauri Marangu kwa sababu ya vijiji vyake, au Lushoto kwa sababu ya Soni kuwa katikati.

Ukirudi nyumbani, andika mambo matatu: ulitumia muda gani, ni gia gani ulikaa nayo muda mrefu zaidi, na ni wapi pumzi ilikukatika. Kama ulikaa kwenye gia nyepesi kabisa muda wote na bado ukataka nyingine, ongeza meno ya kaseti kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kama pumzi ilikatika mapema, ulianza kwa kasi. Kama ilikatika karibu na kilele, hukula. Rekebisha moja, urudi mlima ule ule baada ya wiki chache, na saa itakuonyesha tofauti.